Mji Uliokubali Kupimwa Moyo

Nani kati yetu hajapata kusikia maneno kama haya: "Jana nilimwona sokoni, mzima kabisa, leo asubuhi wanalia nyumbani kwake"? Watu wanakaa kwenye kilio, na maneno yanaanza. Huyu anasema marehemu alilishwa kitu kibaya, yule anamtaja jirani mwenye kijicho. Mwishoni mzee mmoja anasema tu kwamba mauti hayapigi hodi, na wote wananyamaza.

Sisi tungependa kuuliza neno moja. Je, ni kweli kwamba hayakupiga hodi? Au pengine yalipiga hodi miaka kumi, na mwenye nyumba hakuwa na sikio la kuyasikia? Swali hili waganga wa Marekani waliliuliza karibu miaka themanini iliyopita, na watu wa mji mmoja wa huko wakasaidia kulijibu kwa miili yao wenyewe. Habari za mji huo ndizo tunazotaka kuzisimulia, lakini yafaa tuanze na kifo cha mtu mkubwa.

Tarehe 12 Aprili 1945, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alikuwa ameketi katika nyumba yake ya Warm Springs, jimbo la Georgia. Mbele yake alikuwapo mchoraji, akichora sura yake. Saa ya chakula cha mchana ilikuwa imekaribia. Ghafula akasema kwamba kichwa chamwuma mno kwa nyuma, akazimia, na baada ya saa mbili na kitu akafariki. Mshipa ulikuwa umepasuka ndani ya ubongo. Alikuwa na miaka 63. Vita vikuu vilikuwa karibu kwisha katika Ulaya, na dunia nzima ilishtuka. Mganga wake mkubwa, Ross McIntire, aliwaambia watu wa magazeti kwamba jambo hilo halikutazamiwa hata kidogo.

Kumbe hesabu zilikuwa zimeandikwa. Howard Bruenn, mganga wa moyo aliyemtunza mwaka ule wa mwisho, alizichapisha mwaka 1970, na leo kila mtu aweza kuzisoma. Kwa wale wasiozoea mambo haya, tueleze kwanza: mganga anapofunga kitambaa mkononi na kukijaza upepo, huandika hesabu mbili. Ya kwanza ni nguvu ya damu wakati moyo unapoisukuma. Ya pili ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika. Watu wetu huliita jambo hilo tansio, wengine presha. Sisi tutasema msukumo wa damu. Kwa mtu mzima, 120 juu ya 80 ni hesabu njema. Ikifika 140 juu ya 90, na ikirudi hivyo hivyo siku nyingine, waganga wengi husema ni ugonjwa.

Basi tazameni hesabu za Roosevelt. Mwaka 1935: 136 juu ya 78. Mwaka 1937: 162 juu ya 98. Mwaka 1940: 178 juu ya 88. Mwaka 1941: 188 juu ya 105. Mwishoni mwa Machi 1944 alipelekwa hospitali ya Bethesda, naye Bruenn akamkuta na 186 juu ya 108, moyo umepanuka na kuchoka, pumzi fupi. Siku ya kufa, hesabu ya juu ilifika 300 na zaidi. Hodi ilipigwa miaka minane, na kila mara mtu fulani aliiandika katika daftari.

Tusiwe wepesi kuwahukumu waganga wale. Hawakuwa wajinga. Walifundishwa kwamba mishipa ya mtu hukakamaa kadiri anavyozeeka, na kwamba moyo hauna budi kusukuma kwa nguvu zaidi ili damu ipite. Kwa hiyo wengi waliona msukumo mkubwa kuwa ni msaada wa mwili wenyewe, usiofaa kuguswa. Kulikuwa hata na kanuni rahisi: chukua 100, ongeza miaka ya mtu, ndiyo hesabu inayomfaa. Kwa kanuni hiyo mzee wa miaka 63 mwenye 163 yu salama. Tena dawa za kushusha msukumo bila kumwumiza mgonjwa hazikuwapo. Bruenn alimpa Rais dawa ya kuutia moyo nguvu, akampunguzia chumvi na sigara, akamwomba apumzike. Kupumzika! Mtu aliyekuwa akiongoza vita, na ambaye Februari 1945 alisafiri mpaka Yalta kuonana na Stalin na Churchill.

Chombo cha kupimia kilikuwapo tangu zamani. Stephen Hales, mchungaji wa Kanisa la Kianglikana huko Teddington karibu na London, alitia bomba la shaba katika mshipa wa farasi jike, akaliunganisha na bomba refu la kioo, akaona damu ikipanda zaidi ya futi nane, yaani karibu mita mbili na nusu. Aliyachapisha hayo mwaka 1733. Farasi maskini alikufa, na njia hiyo haikuweza kutumiwa kwa binadamu. Mwaka 1816, katika Paris, René Laennec, mganga Mkatoliki mwenye ibada, alikunja karatasi ikawa kama bomba ili ausikilize moyo wa msichana bila kuweka sikio kifuani pake. Ndicho babu wa kile chombo ambacho waganga hukivaa shingoni. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Torino, katika Italia, alitengeneza kitambaa chenye mpira ndani, cha kufunga mkono, kikiunganishwa na bomba la zebaki. Mwaka 1905 mganga wa Urusi, Nikolai Korotkov, akaonyesha kwamba ukiusikiliza mshipa chini ya kitambaa hicho, sauti huanza, kisha hukoma. Pale zinapoanza na pale zinapokoma ndipo zinapopatikana zile hesabu mbili. Tangu hapo kazi haikuhitaji kisu wala sindano.

Na je, ni nani waliokimbilia chombo hiki mapema? Wenye bima! Mwaka 1907 kampuni moja ya bima ya maisha katika mji wa Milwaukee ilianza kuwapima watu waliotaka kuandikishwa. Kampuni ya namna hiyo hulipa fedha mtu akifa. Kwa hiyo yataka sana kujua ni nani atakayekufa upesi. Katika vitabu vyao vya hesabu waliona kwamba wenye msukumo mkubwa, ijapokuwa walijisikia wazima, walikufa mapema kuliko wengine. Fedha ina macho makali. Lakini vitabu vya wenye bima havikutosha kuwageuza waganga wengi, nao wakaendelea na kanuni yao ya 100 na miaka ya mtu.

Tarehe 16 Juni 1948, Rais Truman, aliyekikalia kiti cha Roosevelt, alitia sahihi sheria ya kuanzisha taasisi ya taifa ya kuchunguza magonjwa ya moyo. Siku zile magonjwa ya moyo na mishipa yaliwaua Wamarekani wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Ndui ilikuwa imeshindwa, kifua kikuu kilikuwa kinarudi nyuma, lakini huu ulisonga mbele, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika unatoka wapi. Ndipo likapatikana shauri geni. Badala ya kukaa hospitalini wakingoja wagonjwa, waganga wachukue watu wazima wa mji mmoja, watu wenye afya. Wawapime, wawarudie kila miaka miwili, kisha wangoje. Wengine wataugua, wengine hawataugua. Hapo watafungua daftari za zamani na kuuliza: hawa walioanguka, miaka ile walipokuwa wazima, walikuwa na kitu gani ambacho wenzao hawakuwa nacho?

Mji uliochaguliwa ni Framingham, katika jimbo la Massachusetts, kilomita thelathini na kitu magharibi ya Boston. Ulikuwa na watu 28,000 hivi, wengi wakiwa wafanyakazi wa viwanda na wenye maduka. Mambo ya kupimwa hayakuwa mageni kabisa kwao, kwa kuwa kati ya 1917 na 1923 mji huo ulikuwa umekubali kazi ya namna hiyo juu ya kifua kikuu. Hata hivyo haikuwa rahisi. Mwambie mtu mwenye nguvu, mwenye kazi na watoto: "Njoo kwa mganga." Atakuuliza: "Nina ugonjwa gani?" Mjibu: "Huna." Atakucheka. Kwetu si hivyo hivyo? Wengi wetu hufika hospitali kwa kubebwa. Tena waganga hawa wageni hawakuleta dawa. Kazi yao ilikuwa kupima na kuandika. Matokeo walimpelekea mganga wa kawaida wa mtu huyo.

Kiongozi wa kwanza wa kazi hiyo, kijana aitwaye Gilcin Meadors, alitumia akili. Hakutegemea barua za serikali peke yake, bali aliwaomba wenyeji wenyewe waunde kamati, mwenyeji amwendee mwenyeji. Twaona hilo ndilo lililoiokoa kazi. Zaidi ya theluthi mbili ya walioitwa walikubali, na wengine wakaja bila kuitwa. Jumla ikawa watu 5,209, wanaume 2,336 na wanawake 2,873, wengi wao wa miaka 30 hadi 62. Ndiyo, wanawake walikuwa wengi zaidi, na jambo hilo lapasa kusifiwa, kwa maana siku zile watu waliona ugonjwa wa moyo kuwa ni shauri la wanaume.

Mtu alipofika aliulizwa juu ya magonjwa yake na ya wazazi wake, juu ya sigara na kazi yake. Alipimwa uzito na msukumo wa damu, akatolewa damu kidogo, akapigwa picha ya kifua, akalazwa ili mashine iandike mapigo ya moyo wake kwenye karatasi. Kisha alivaa shati lake akaenda zake. Baada ya miaka miwili aliitwa tena. Fikirini uvumilivu huo: miaka kumi, mara tano, miaka arobaini, mara ishirini, wala hakuna siku aliyoambiwa kwamba sasa yatosha. Wengi walishika ahadi yao mpaka kaburini.

Daftari zikaanza kusema. Mwaka 1957 Thomas Dawber, aliyeshika uongozi baada ya Meadors, alitangaza pamoja na wenzake kwamba wenye msukumo mkubwa walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu mara nne kuliko wenzao. Mwaka 1960 ikaja habari ya sigara. Mwaka 1961 William Kannel na wenzake wakatoa hesabu za miaka sita: msukumo mkubwa, mafuta ya kolesteroli katika damu, na alama za moyo uliovimba kwenye karatasi ya mashine. Wakayapa jina ambalo waganga wa dunia nzima wanalitumia leo, yaani mambo ya hatari. Baadaye yakaongezwa ugonjwa wa sukari na kukaa bila kutembea. Ile kanuni ya 100 na miaka ya mtu ikapoteza nguvu; mzee mwenye 163 hakuwa na msaada wo wote mwilini mwake, alikuwa na adui. Na tuangalie neno hili: kila moja la mambo hayo laweza kuonekana au kupimwa wakati mtu angali mzima, anakula, anacheka, analima.

Lakini ukurasa uliotushtua sisi zaidi ulichapishwa mwaka 1984. Katika watu wa Framingham waliopatwa na shambulio la moyo, zaidi ya robo hawakutambuliwa siku ile lilipowapata. Lilionekana baadaye tu, waliporudi kwa zamu yao ya miaka miwili na mashine ikaandika kwamba sehemu ya moyo imekwisha kufa. Karibu nusu ya watu hao hawakusikia kitu. Wengine waliona maumivu fulani, wakafikiri ni ya tumbo au uchovu.

Kazi hii nusura ife yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliona kwamba miaka ishirini yatosha, fedha zikatumiwe penginepo. Dawber akaenda huku na huku akiomba michango, na mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Boston kikaingia katika kazi hiyo. Mwaka huohuo wakaanza kuandikishwa watoto wa wale wa kwanza, pamoja na wake na waume zao, watu 5,124. Na kuanzia mwaka 2002 wajukuu 4,095.

Mtu aweza kusema: kupima peke yake kuna faida gani? Roosevelt alipimwa, akafa. Ni neno la haki. Jibu lake halikutoka Framingham. Lilitoka katika hospitali za askari wa zamani wa Marekani, ambako Edward Freis alikuwa amekusanya wanaume wenye msukumo mkubwa sana. Dawa zilikuwa zimekwisha kupatikana, lakini hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba zaokoa watu. Akawagawa wanaume 143 makundi mawili: 73 wakapewa dawa za kweli, 70 vidonge vitupu vinavyofanana nazo. Mwaka 1967 akatangaza matokeo. Katika kundi la vidonge vitupu, 27 walipatwa na mabaya makubwa, na wanne walikufa. Katika kundi la dawa, wawili tu walipatwa na mabaya, wala hakufa hata mmoja. Mwaka 1970 akaonyesha, kwa wanaume 380, kwamba hata ambao msukumo wao haukuzidi sana wanapata faida. Basi miaka ishirini na mitano baada ya kifo cha Warm Springs, hesabu ya daftarini ilikuwa na maana, na mganga alikuwa na kitu cha kufanya.

Sasa tuseme juu ya kurudia, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Mtu apimwa mara moja akiwa na miaka 35, aambiwa "vizuri", naye ahifadhi neno hilo kama cheti cha ubatizo, kisichobadilika maisha yote. Mwaka 2002 watu wa Framingham walitufundisha jambo lingine. Waganga walichukua wale waliofika miaka 55 na 65 bila kuwa na msukumo mkubwa, watu ambao tungesema wamekwisha kuponyoka. Walipohesabu maisha yao yaliyobaki, waliona kwamba tisa katika kumi wangeupata kabla ya kufa. Kipimo cha jana chasema habari za jana tu. Ndiyo sababu washauri wa serikali ya Marekani wasema mtu apimwe msukumo tangu miaka 18; kijana mwenye hesabu njema na asiye na hatari nyingine, kila miaka mitatu hadi mitano; kuanzia miaka 40, kila mwaka.

Wala si kila mashine yahitajiwa. Washauri haohao hawashauri kumpima kwa mashine ya mapigo ya moyo mtu mzima asiye na dalili na asiye na hatari kubwa, kwa maana yaweza kumtia hofu bure na kumwingiza katika gharama. Kitambaa cha mkononi chatosha kwa kuanzia, kikitumiwa vema: mtu aketi dakika tano bila kusema, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono wazi umelala mezani usawa wa moyo, asiwe ametoka kuvuta sigara wala kunywa kahawa, kisha apimwe mara mbili. Akikimbizwa kutoka njiani na kupimwa juu ya mkono wa koti, hesabu itakuwa ya uongo. Mwuguzi mmoja, meza moja na kiti chenye mgongo, kwenye baraza ya kanisa baada ya Misa ya Dominika: hatuoni ni parokia gani isiyoweza. Shirika la Afya la Dunia limehesabu karibu watu wazima milioni 1,400 wenye msukumo mkubwa duniani, na karibu nusu yao hawajui.

Mji wa Framingham ulikuwa na pungufu moja, na tusiifiche. Watu wale 5,209 walikuwa karibu wote wazungu. Wamarekani weusi, ambao msukumo mkubwa huwapata mapema na kuwaua zaidi, hawakuwamo katika hesabu. Kati ya 2000 na 2004 waliandikishwa watu weusi 5,306 katika mji wa Jackson, jimbo la Mississippi, ili nao wachunguzwe kwa miaka mingi kama wale wa kwanza.

Na katika Los Angeles mganga Ronald Victor aliona kwamba wanaume weusi wengi hawaendi hospitali, lakini wote wana kinyozi. Akaenda kwa vinyozi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: maduka 52 ya vinyozi, wateja 319 wenye msukumo mkubwa. Katika maduka mengine kinyozi aliwahimiza tu wabadili maisha yao na kwenda kwa mganga. Katika mengine mtaalamu wa dawa alikuja palepale kwenye kiti, akapima, akatoa dawa, akarudi tena. Baada ya miezi sita hesabu ya juu ilishuka kwa 9 katika kundi la kwanza, na kwa 27 katika kundi la pili. Anayeiona 27 kuwa hesabu ndogo arudi kwenye daftari la Roosevelt: kati ya mwaka 1935 na mwaka 1937 ilipanda kwa 26.